Muulize Shangazi: Shati Moja Jeupe, Mitoko Mingi

Barua nyingi zilizofika safari hii zinalia kilio kimoja: nguo ninazo, lakini asubuhi nasimama mbele ya kabati sioni cha kuvaa. Nimechagua chache ambazo majibu yake yatawafaa wengi. Ambao barua zenu hazimo, msinung'unike, nimezitunza.

Shangazi, shikamoo. Nimeajiriwa karibuni kwenye ofisi moja ya mikopo pale mjini, naishi Nyegezi. Mshahara bado mdogo na kodi ya chumba inaumeza. Nguo zangu za kazini ni shati jeupe moja, suruali nyeusi, sketi nyeusi ndefu, jinzi ya bluu iliyokolea (Ijumaa tunaruhusiwa) na gauni la kitenge lisilo na mikono. Viatu ni simpo nyeusi na raba nyeupe. Wenzangu wanabadilisha kila siku, mimi naona wameshanizoea na shati langu. Nianze kununua nini?
*Msichana wa Nyegezi*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kazi. Usinunue chochote kwanza. Hapo ulipo una wiki nzima, ila hujaipanga.

Tuanze na hilo shati, maana katika vyote ulivyovitaja ndilo linalofanya kazi kubwa. Simama mbele ya kioo uliangalie. Mshono wa bega ukae pale bega linapoishia, usiteremke mkononi. Kaa kwenye kiti: vifungo vya kifuani vikiachana hadi nguo ya ndani ikaonekana, shati hilo ni dogo kwako, na shati dogo fundi hana la kulifanya. Likiwa kubwa, umepata bahati. Kubwa hupunguzwa.

Kama limechoka, nenda soko la mitumba la Mlango Mmoja, hapa Mwanza, mapema, siku wanayofungua beli, upite moja kwa moja kwenye mashati ya kiume. Najua wengi mtashangaa. Mashati mengi ya kike ya mtumba ni ya kitambaa chepesi kinachoonyesha mwili. Kwenye ya kiume utakuta pamba nzito, na kola yake inasimama hata baada ya kufuliwa mara nyingi. Litoe kwenye kivuli cha turubai, uliinue juani. Angalia kwapani na ndani ya kola. Doa la njano la jasho lililozeeka usilinunue kwa kutegemea jiki, kwa sababu jiki mara nyingi hulizidishia unjano. Soma kilebo cha ndani. Kikisema pamba asilimia 100, anza kupatana bei. Kikisema polista tupu, lirudishe kwenye kamba, maana polista hainywi jasho, na wewe unapanda daladala saa ya watu wengi. Inanisikitisha kwamba sisi wa Kanda ya Ziwa, ambao wazazi wetu wamelima pamba miaka yote, ndio tunaojifunika polista wakati wa jua kali na kuita hiyo nguo ya heshima.

Kwa fundi, mwambie apunguze mbavuni na afupishe mikono ikihitajika, lakini chini asikate. Urefu ule wa chini ndio utakaokupa mitindo.

Sasa wiki yako. Jumatatu, siku ya wakubwa na vikao, chomekea shati vizuri ndani ya suruali nyeusi, vaa mkanda, kifungo cha juu kabisa kiache wazi, masikioni hereni ndogo. Jumanne vaa sketi ndefu, na shati usilichomekee: fungua vifungo viwili vya chini, shika zile ncha mbili ndefu, uzifunge fundo pale pale mkanda wa sketi ulipo. Fundo likipanda juu tumbo litaonekana, likishuka utaonekana umefunga mzigo. Jumatano toa gauni la kitenge, shati livae juu yake vifungo vikiwa wazi. Hapo limegeuka koti. Alhamisi geuza: shati ndani, gauni juu, kola na mikono vitoke nje. Kwa kuwa gauni halina mikono, litakaa kama kizibao kirefu, na atakayeliona atadhani umeshona nguo mpya. Ijumaa jinzi na raba, shati chomekea mbele tu, nyuma liachwe lishuke.

Jambo dogo ambalo watu hulipuuza ni kukunja mikono. Usikunje kidogo kidogo ukatengeneza gurudumu nene kwenye mkono. Fungua kifungo, shika ule ukingo mgumu wa mwisho wa mkono uupandishe kwa mara moja mpaka karibu na kiwiko. Kisha chukua sehemu iliyobaki chini, ikunje juu mara moja ifunike nusu ya ukingo, ule ukingo uchungulie kidogo. Mkono utakaa hivyo mpaka jioni bila kuteremka.

Utaniuliza shati moja litavaliwaje siku tano. Halitavaliwa, mwanangu, na ndiyo maana nimekuambia usinunue *kwanza*. Mwisho wa mwezi ununue shati la pili, na liwe la rangi ya samawati, kwa sababu linakubaliana na kila kilichopo: nyeusi, jinzi na hicho kitenge. Hata ukilivaa kwa mtindo uleule wa jeupe, ofisini wataona nguo nyingine. Moja likiwa kwenye kamba jingine liko mwilini. Baada ya hapo, kila kitu kinachokutamanisha kiulize kama kinaweza kuvaliwa na nguo tatu ulizonazo. Blauzi ya kung'aa yenye maua ya zambarau inayotaka sketi yake, kiatu chake na pochi yake itakufilisi.

Shangazi, ni kweli kwamba dhahabu na fedha hazivaliwi pamoja?
*Dada wa Kirumba*

Si kweli. Kinachochukiza macho ni kipande kimoja cha fedha kilichojipoteza katikati ya dhahabu, kikaonekana umekisahau mwilini. Vaa zote mbili kwa makusudi: bangili mbili za dhahabu na moja ya fedha kwenye mkono uleule, au mikufu miwili ya urefu tofauti. Saa yako ikiwa na rangi zote mbili, hiyo ndiyo itakayounganisha.

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, Buhongwa. Kabati langu limejaa sare za vitenge. Kila harusi, kila sendofu, kila kicheni pati, kamati inakuja na kitenge chake, na usiponunua unaonekana humpendi bibi harusi. Nimeshona magauni marefu ya mwilini, yenye mikono ya puto, nimeyavaa mara moja moja. Kugawa naona uchungu, na kuvaa mtaani naogopa: watasema, "Si ile sare ya harusi ya fulani?" Niyafanyeje?
*Mama wa Buhongwa*

Marahaba mdogo wangu. Barua yako nimeisoma kwa fundi mwenzangu, akasema umeandika kwa niaba ya mji mzima.

Hayo uliyo nayo si mabaki ya sherehe, ni kitambaa, tena kitambaa ulichokilipia mara mbili, dukani na kwa fundi. Kwangu mimi hakuna nguo ya msingi inayomfaa mwanamke wa hapa kuliko sketi ya kitenge. Haihitaji pasi nyingi, haionyeshi vumbi la barabarani kama nguo ya rangi moja, inakwenda kanisani, kazini, msibani na sokoni ikibadilishiwa tu cha juu.

Kabla ya kumpelekea fundi, fanya kitu kimoja. Geuza kila gauni nje ndani uangalie upande wa pili wa kitambaa. Kitenge halisi cha wax huchapwa kwa nta, mtindo uliotokana na batiki za Java, na Waholanzi ndio walioufanya kuwa wa kiwandani. Kampuni ya Vlisco iko mji wa Helmond tangu 1846. Kazi ya ile nta ni kuzuia rangi isiingie pale isipotakiwa, na rangi yenyewe hupenya kitambaa pande zote mbili. Kwa hiyo kitenge cha namna hiyo unaweza kukigeuza, ukakunja pindo kwa nje, ukatengeneza mkanda wa kufunga wenye pande mbili, na hakuna atakayejua upi ni upande wa ndani. Lakini vitenge vingi vinavyonunuliwa kwa ajili ya sare huwa vimechapwa upande mmoja tu, nyuma vimepauka. Hivyo navyo vina kazi, ila fundi ajue mapema, asije akakata kitu ambacho nyuma yake itaonekana.

Sasa chagua gauni unalolipenda zaidi. Mwambie fundi alikate kiunoni. Chini kunatoka sketi: kama lilikuwa la kubana, aweke mpasuo nyuma au pembeni ili upande bodaboda kwa heshima, na kiunoni atie lastiki kwa nyuma tu, mbele pabaki bapa. Juu kunatoka blauzi, na hapo ile mikono ya puto ifumuliwe. Puto moja ndilo linaloipigia kelele nguo nzima kwamba ni ya sherehe. Mkono ukiwa mwembamba unaofika kwenye kiwiko, blauzi hiyo utaivaa na jinzi, na suruali nyeusi, na sketi ya rangi moja. Kitambaa cha yale maputo usikitupe: kinatosha kuvalisha vifungo vya shati jeupe, au kutengeneza mkanda mpana wa kufunga juu ya gauni jeusi.

Kuhusu cha kuvaa juu ya sketi, mezani weka kitenge, uhesabu rangi zake. Achana na ile inayopiga macho, tafuta ile ndogo iliyojificha kwenye vidoti au kwenye mstari mwembamba. Kama kitenge ni cha chungwa na bluu, na ndani yake kuna kijimstari cha rangi ya maziwa, vaa blauzi ya rangi ya maziwa. Ukivaa chungwa kwa chungwa utarudi kwenye sare.

Na vitenge viwili tofauti vinavaliwa pamoja, tena vinapendeza mno, ikiwa vina rangi moja vinayoshirikiana na kimoja kina maua makubwa, kingine madogo. Makubwa yakikutana na makubwa yanagombana. Jaribu sketi ya sare ya harusi moja na kilemba cha sare ya nyingine.

Ama kuhusu maneno ya watu: wakikuuliza kama hiyo ni sare ya harusi ya fulani, wajibu ndiyo, ilikuwa harusi nzuri sana. Bibi harusi mwenyewe akikuona nayo sokoni miaka mitatu baadaye atafurahi. Na wewe ukiingia kwenye kamati ijayo, pendekeza kitenge cha rangi tulivu ambacho mtu anaweza kwenda nacho kazini, au mpendekeze rangi tu, kila mmoja atoe nguo aliyonayo. Nimeona sherehe za namna hiyo hapa hapa Mwanza na picha zake zilipendeza.

Shangazi, shikamoo. Mimi ni kijana wa Pasiansi. Nilishonewa suti ya bluu ya bahari nilipokuwa msimamizi kwenye harusi ya kaka yangu. Tangu hapo imening'inia. Sina kazi ya kuvaa suti, nauza vipuri vya pikipiki. Nifanye nini nayo, niiuze?
*Kijana wa Pasiansi*

Marahaba mwanangu. Usiiuze. Bluu ya bahari ndiyo rangi ya suti inayosaidia kuliko nyeusi, kwa kuwa nyeusi ukiitenganisha inaonekana imepoteza mwenzake.

Kwanza iangalie kitambaa mchana, dirishani. Kikiwa kinang'aa kama hariri, koti hilo halitakubali kuvaliwa na jinzi, litabaki la sherehe, lakini suruali yake itakufaa. Kikiwa haking'ai, vyote viwili ni vyako kwa matumizi ya kila wiki. Koti na jinzi iliyokolea, tisheti nyeupe isiyo na maandishi, raba nyeupe safi: unaingia ibadani, unaingia ukweni. Koti na suruali ya kaki, moka za rangi ya ugoro: umeitwa kikao cha wazazi shuleni. Suruali peke yake ivae na shati la kitenge lisilochomekewa, lililokatwa bapa chini, lifike katikati ya zipu, lisizidi hapo. Dukani kwenye vipuri usiivae, oili haina adabu.

Kuna mambo ya koti ambayo naomba wanaume wa Mwanza wanisikilize kwa makini. Kile kilebo kilichoshonwa nje ya mkono wa koti karibu na kiganja kinatakiwa kufumuliwa kabla hujalivaa. Ule uzi uliopigwa alama ya X kwenye mpasuo wa nyuma nao ukatwe, umewekwa ili koti lisikunjamane njiani na dukani. Kifungo cha chini kabisa hakifungwi. Ukikaa, fungua vyote.

Na hili ni kubwa: ukianza kuzivaa mbalimbali, usizifue mbalimbali. Kila unapopeleka suruali kwa dobi, peleka na koti, hata kama ni safi. Vinginevyo suruali itapauka, koti litabaki limekolea, na siku utakapotaka suti kamili utakuta una bluu mbili.

Habari za kazi dada. Nafanya biashara ndogo Nansio, nakuja Mwanza kwa meli kuchukua mzigo, mara nyingine nalala. Sipendi kubeba begi la nguo maana mikono naitaka kwa ajili ya mzigo. Nisaidie niwe na vitu vichache lakini nisionekane nimelala njiani.
*Mfanyabiashara wa Ukerewe*

Nzuri dada, pole na safari za majini. Wewe nitakupa kitu kimoja tu, na nitakieleza vizuri: mtandio wa pamba, mita moja kwa mita moja na nusu hivi, wenye rangi mbili au tatu. Kanga inafaa pia, ukubwa wake ni karibu sentimita 150 kwa 110, ila kwa kazi hii chukua iliyofuliwa mara nyingi ikalainika. Kanga mpya ina ugumu, fundo lake halitulii.

Vaa gauni jeusi la pamba au la samawati, lisilo na urembo, refu kupita magoti. Hilo ndilo litakaa mwilini siku zote mbili, na jioni ukifika gesti ulifue ulianike dirishani. Asubuhi kwenye meli upepo wa ziwa una baridi hata kama mchana utaungua: kunja mtandio pembe tatu, utupe mabegani, ncha mbili zipitishe chini ya mkanda wa gauni mbele. Usifunge shingoni, utaupigania na upepo mpaka bandarini. Ukishuka, jua limepanda, ukunje kwa urefu mara nne uwe mwembamba, uuzungushe kiunoni, fundo likae ubavuni. Gauni limebadilika. Ukienda kwa mteja unayemheshimu, ufanye kilemba.

Kilemba cha haraka kinafanyika hivi. Inama, nywele zishuke mbele. Weka katikati ya upande mrefu wa mtandio kisogoni, chini kabisa kwenye mstari wa nywele. Leta ncha mbili mbele, zipishane juu ya paji la uso, uzivute mpaka usikie zimeshika lakini zisiume. Kichwa kikianza kugonga umezidisha. Inuka. Msokote kila ncha peke yake iwe kamba, izungushe kuelekea kisogoni, uichomeke ndani ya mkunjo. Kitambaa kilichobaki juu kifunike utosi na kichomekwe mbele. Hakuna pini. Kama una hereni kubwa, hapa ndipo mahali pake, kwa sababu nywele hazipo kuzifunika.

Jioni ya safari, mtandio huohuo uwekee vitu vyako vidogo katikati, funga ncha mbili mbili kwa kupishana, upate mkoba wa begani wa kwenda kununua samaki. Na usiku gesti, kama shuka lao hulipendi, tandika wako juu ya mto.

Viatu chukua sendo za ngozi zenye mkanda nyuma ya kisigino. Ndala za kuchomeka zinateleza kwenye ngazi za meli zikilowa, na wewe una mzigo kichwani.